Ukizidi miaka 45: ni visingizio, au mlango umefungwa?

Fundi wa Kihonda

Juzi kikoba chetu kilialika mhamasishaji, kijana wa suti na kipaza sauti, akatuambia akina mama tuliovuka 40 kwamba adui yetu ni visingizio. "Umri ni namba tu," akasema. Tukapiga makofi. Yangu yalikuwa ya adabu.

Nieleze kwa nini. Nilimaliza la saba mwaka 1991. Nilifaulu ila sikuchaguliwa. Shule yetu nzima walikwenda sekondari wawili, wote wavulana. Nikajifunza cherehani, nikapata cheti cha ushonaji greda ya pili, nikaolewa, nikazaa, nikashona. Kila nikiona tangazo la kufundisha ushonaji, sharti la kwanza ni kidato cha nne. Nikiwa na miaka 42 nikajiandikisha darasa la jioni la QT, ule Mtihani wa Maarifa ambao sisi tulioishia la saba lazima tuupite kwanza ndipo turuhusiwe kufanya kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Kabla ya hapo nilikuwa na visingizio? Tele. Mtoto wa mwisho aanze shule kwanza. Niezeke kwanza. Kumbe ilikuwa aibu tu. Hata nilipoanza, daftari la Baiolojia nililaza chini ya rundo la vitenge vya wateja. Mtu akibisha hodi, nafunika. Siku moja mteja akavuta kitenge chake mwenyewe, daftari likadondoka, likafunguka kwenye mchoro wa moyo niliopaka penseli nyekundu. "Mwanao anajua kuchora, yuko kidato cha ngapi?" Nikamjibu cha pili, huku nakanyaga mashine.

Siku ya mtihani wa kidato cha nne, mwezi wa Novemba, nilikuwa na miaka 45. Mlinzi wa getini akanizuia: "Mama, wazazi wanasubiri nje." Nikamwonyesha namba yangu ya mtihani inayoanza na P, ya watahiniwa wa kujitegemea. Akaisoma mara mbili, akasema shikamoo, akafungua. Ramani ya Jiografia niliisoma kwa miwani ya shilingi elfu tano ya stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Nikatoka na daraja la nne, pointi 28. Hesabu nilipata F, mimi ninayegawa kiuno cha 32 kwa nne na kuongeza inchi ya mshono bila kushika kalamu.

Februari nikatimiza 46. Mei likatoka tangazo la chuo kimoja cha umma, wanataka wa kufundisha ushonaji. Sifa zote ninazo. Nikashuka chini kwenye masharti ya jumla, la kwanza kabisa: waombaji wawe raia wa Tanzania wenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walioko kazini serikalini.

Sasa tujadili. Ni haki kumwambia mtu aache visingizio wakati sharti kama hili lipo? Mimi nasema kwa kazi za ufundi kikomo kiondolewe, mtu apimwe kwa mkono wake. Na wahamasishaji wawe wanasoma matangazo ya kazi mpaka mstari wa mwisho kabla ya kushika kipaza sauti.

Kijana wa Vyeti

Mama shikamoo. Hongera, nasema kwa moyo. Ila nakupinga.

Nina shahada ya ualimu tangu 2019, naendesha bodaboda ya mkataba. Kila jioni nampelekea mwenye pikipiki hesabu yake, kinachobaki ndio changu. Vyeti viko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Nafasi zikitangazwa chache, tunajaa uwanja mzima kwenye usaili wa kuandika. Kikomo kikiondolewa, nitakuwa nashindana na watu wa rika lako wenye uzoefu wa miaka 25. Wewe una mashine na wateja. Mimi nina nini?

Halafu polisi na jeshi wanatuwekea ukomo hata sisi ambao thelathini hatujafika, wala sijawahi kuona mjadala wa kututetea. Ndoto za uzeeni ni nzuri, ila zisikae kwenye kiti changu.

Mstaafu wa Utumishi

Marahaba kijana. Na wewe binti yangu wa Kihonda, hongera.

Nimekaa ofisi za utumishi miaka 31, nafasi za namna hiyo nimezitangaza sana, kwa hiyo nipigeni mawe mimi. Hiyo 45 haikuokotwa barabarani. Mtumishi anastaafu kwa hiari akiwa na 55, kwa lazima akiwa na 60. Ili apate pensheni ya kila mwezi lazima awe amechangia mfuko miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60 uone unabaki na ngapi. Anayeingia na 46 atafika 60 hajatimiza miezi, ataondoka na mkupuo wake, ukiisha umeisha. Nimewaona watu wa namna hiyo wakirudi ofisini kuuliza hela ya mwezi huu iko wapi, na hakuna jibu zuri la kuwapa.

Lakini hesabu hiyo ni ya pensheni. Haisemi chochote kuhusu nani anajua kushona. Mtu wa miaka 46 angeweza kuchukuliwa kwa mkataba wa miaka miwili miwili, bila ahadi ya pensheni, akafundisha mpaka anafika 60. Tatizo ni kwamba sharti linanakiliwa kutoka tangazo la mwaka jana kwenda la mwaka huu, na anayepokea maombi kazi yake ni kuangalia tarehe ya kuzaliwa. Nilikuwa mimi huyo. Nimetupa bahasha ambazo leo nisingezitupa.

Jambo lingine, mnisamehe uzee. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mimi nina miaka 12. Kazi yangu jioni ilikuwa kumshikia bibi taa ya chemli kwenye darasa la kisomo, anaandika jina lake kwenye ubao wa mbao za boksi. Mwalimu Nyerere alishasema tangu 1964, wakati wa mpango wa kwanza wa miaka mitano, kwamba tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto hawatagusa uchumi wetu kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Hakuna aliyemuuliza bibi akishajua kusoma ataajiriwa wapi. Siku hizi hilo ndilo swali la kwanza.

Jirani wa Eldoret

Hapo mzee umegusa penyewe. Sisi huku Kenya tulimwona mzee Kimani Maruge. Januari 2004 aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, hapa Eldoret, akiwa na miaka 84, mwaka mmoja tu baada ya serikali ya Kibaki kufuta karo ya shule za msingi. Alikuja na soksi ndefu na kaptura ya shule. Alitaka ajisomee Biblia mwenyewe, na ajue kuhesabu pesa zake. Mwaka uliofuata akawa kiranja, na Septemba akapelekwa New York kuwaambia wakubwa wa Umoja wa Mataifa habari ya elimu bila malipo.

Watu hukumbuka ndege tu. Mimi hukumbuka 2008. Baada ya ghasia za uchaguzi aliporwa mali yake, akaishia kambi ya wakimbizi wa ndani, kilomita kama nne kutoka shuleni. Aliendelea kwenda darasani. Baadaye alihamia Nairobi, akaandikishwa shule nyingine huko Kariobangi, na Agosti 2009 akafariki kabla ya kumaliza la nane.

Mzee wa miaka 88 kambini ana kila sababu ya kukaa chini ya turubai. Lakini kweli, Maruge hakuwa anatafuta kazi. Kwa hiyo msimtumie kumpigia huyu mama. Kesi zao si moja.

Mama Watatu

Mnaongea vizuri wote. Nani anapika?

Mimi naamka saa kumi, maji, chai, watoto, mama mkwe ana kiharusi namgeuza kila baada ya masaa mawili, sokoni, narudi, namgeuza. Aje huyo wa suti amgeuze siku moja, halafu aniambie nina visingizio. Nilijiandikisha QT. Nilikwenda wiki sita.

Mwalimu wa Jioni

Nafundisha darasa la aina hiyo mwaka wa tisa sasa, chumba cha nyuma ya soko, umeme tunachangia luku mia tano tano. Wa kusema wameacha kwa sababu ya ada ni wengi, na ada wengi wao walikuwa wameshalipa.

Wanawake huacha mwezi wa tatu hivi, nyumbani maneno yakishaanza. Wanaume wao huja mpaka jaribio la kwanza. Nikisharudisha karatasi, mtu wa miaka 50 akiona tano ya mia, kesho ana safari ya kikazi Dodoma. Safari hiyo haina kurudi. Nimejifunza kutoandika alama kwenye jaribio la kwanza. Naandika masahihisho tu, namwita mmoja mmoja pembeni. Tangu hapo "safari za Dodoma" zimepungua sana.

Kwa hiyo Fundi, nakuunga mkono kwenye aibu, kwenye kikomo bado sijui. Naogopa tukianza kusema mlango umefungwa, nusu ya darasa langu wataupokea kwa furaha kama kisingizio kipya. Mama Watatu, wewe hukunipa kisingizio chochote hapo. Kama uko Morogoro, Jumapili mchana nina kundi la watu wanne wanaochukua daftari na kwenda nalo nyumbani. Umri hauhusiki, Chuo Kikuu Huria chenyewe, tangu kilipopokea wanafunzi wa kwanza 1994, kimejaa watu wanaosoma usiku watoto wakishalala.

Kijana wa Vyeti

Mzee mstaafu, kwa mkataba bila pensheni mimi sina kinyongo. Ila wakianza kuona mikataba ni rahisi, watatupa na sisi mikataba. Nani atataka kumchangia kijana pensheni ya miaka 33 wakati yupo mama wa mkataba?

Fundi wa Kihonda

Mwanangu, hilo la mwisho limeninyima usingizi, na jibu lake sina. Hujakosea kuogopa.

Nikwambie tu kitu kimoja kuhusu kiti chako. Ile nafasi ya ushonaji ilitangazwa tena miezi minne baadaye, maneno yale yale, 45 ile ile. Hakupatikana mtu. Kile chuo kina mashine kumi na mbili mpya zimefunikwa nailoni, najua kwa sababu waliniita kwa kibarua cha wiki mbili kuwashonea majoho ya mahafali. Wasichana walikuwa wanasimama mlangoni kuniangalia ninavyoweka zipu ya kuficha. Wiki hizo mbili nilifundisha zipu, kola na kukata bega, bila barua ya ajira, na hakuna aliyeniuliza nimezaliwa lini.

Mzee, naomba unisaidie: barua ya kuomba mkataba mtu anamwandikia mkuu wa chuo, au inaanzia Utumishi? Na wewe Mama Watatu, usimwandikie mwalimu tu, niandikie na mimi. Jumapili mchana sishoni. Naweza kukaa na mama mkwe hayo masaa mawili, kumgeuza najua, nilimuuguza wangu mpaka mwisho.

Naishia hapa, mwenye gauni la sendofu amefika na zipu yake mkononi.