Ushauri: nipo Guelph, Canada, habari za mji nazipata wapi?

Habari zenu wakuu. Mimi na mama tupo Guelph, Ontario, mwaka wa pili sasa. Habari za Dar na Kigoma zinanifikia zikiwa za moto, ila za mtaa ninaolala sizijui. Juzi mama kasimama kituoni karibu dakika 40 kwenye upepo wa Novemba, basi halikutokea. Nilipomfuata nikakuta karatasi ya njano imebandikwa kwenye nguzo: kituo kimehamishwa, barabara inachimbwa. Mama hajui Kiingereza. Muda wote alikuwa ameipa mgongo ile karatasi. Iliniuma sana.

Nyumbani tulizoea Facebook. Huku nikibonyeza kiungo cha gazeti, naambiwa habari hazionekani Canada. Nishaurini, nifuate chombo gani? Na mama nimsaidieje?

Mkazi wa Zamani:
Pole sana, mfikishie mama shikamoo yangu. Facebook usihangaike nayo. Tangu Agosti 2023 Meta, kampuni yenye Facebook, imewafungia habari watu wote walioko Canada, kwa kuikataa sheria inayozitaka kampuni kubwa za mtandao zivilipe vyombo vya habari. Google wao walikubali kutoa dola milioni 100 za Canada kwa mwaka. Kwa hiyo ingia moja kwa moja kwenye tovuti yenyewe. Anza na GuelphToday, kuisoma ni bure, na mambo ya baraza la mji wanayaandika. Ilianza 2016, mwaka uleule Guelph Mercury ilipoacha kuchapwa. Toleo la mwisho lilitoka Januari 29, na gazeti lenyewe lilikuwapo tangu karne ya 19! Nilizoea kulikuta mezani kwa kinyozi wangu, na bado nalikumbuka. Mwaka 2023 hata Tribune, lile la bure, likaondoka kwenye karatasi pale kampuni yake, Metroland, iliposimamisha kwa mkupuo uchapaji wa magazeti zaidi ya 70 ya Ontario.

Wa Kamloops:
Huku British Columbia yametukuta hayohayo. Kamloops Daily News ilifungwa Januari 2014, Kamloops This Week ikafuata Oktoba 2023. Msimu wa moto wa msituni ndipo unajua uchungu wake: WhatsApp inajaa uvumi, huyu anasema hameni, yule anasema tulieni. Mimi nategemea redio ya CBC, shirika la utangazaji la taifa la Canada. Kwenu huko ni CBC Kitchener-Waterloo, 89.1 FM, na Guelph wanaigusa pia.

Dada wa Pwani:
Kaka, redio ya Kiingereza itamfaa nini mama? Wewe ndiye uwe mtangazaji wake. Kila asubuhi soma vichwa vitatu vya habari, umrekodie kwa Kiswahili, umtumie WhatsApp. Halafu hapo Guelph kuna CFRU 93.3 FM, redio ya jamii iliyopo chuo kikuu, na watu wa kujitolea wanaendesha vipindi. Waandikie, uulize kama wanaweza kukupa hata nusu saa ya Kiswahili. Mama yako hayuko peke yake, wamo Wakongo na Warundi wengi Ontario wenye shida hiyohiyo.

Mleta mada:
Asanteni sana, mmenifungua macho. CFRU nawaandikia leo. Asubuhi nimemtumia mama sauti ya kwanza, dakika mbili: hali ya hewa, kituo kipya kilipo, na kikao cha baraza. Kaisikiliza mara mbili, kisha kanijibu akiuliza huo uchimbaji utaisha lini. Narudi kutafuta.