Mjadala: Shahada ya habari na mawasiliano ina haja, au stashahada inatosha?

Mleta mada
Wakuu, hapa Tanzania Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zinamtaka mwandishi awe na angalau stashahada, si lazima shahada. Sasa kijana wa kidato cha sita mwenye ada ya kuungaunga akae miaka 3 chuo kikuu, UDSM au SAUT, kutafuta nini? Msimamo wangu: haina haja.

Mhariri wa zamu
Haja ipo, ila si ile inayotangazwa. Kuhariri video mtu anajifunza kwa miezi michache. Kigumu ni namba na sheria. Mfumuko wa bei ukitoka asilimia 4 hadi 3, utakuta kichwa cha habari "Bei zashuka". Si kweli! Bei bado zinapanda, kasi ndiyo imepungua. Tena umeshuka kwa pointi 1 ya asilimia, yaani robo ya kiwango cha awali, si "kwa asilimia 1".

La pili ni zito zaidi. Mwandishi anaficha jina la mtoto aliyebakwa, halafu anataja kijiji, darasa analosoma na kwamba mshtakiwa ni baba yake mdogo. Hapo amemficha nani? Kozi ya sheria na maadili ikifundishwa sawasawa, mwanafunzi anajua kupima kwa pamoja yote yanayoweza kumtambulisha mtoto, si jina peke yake.

Fundi sauti
Miezi michache? Ndugu mhariri, wahitimu wa shahada wanakuja fildi hawajui kwa nini sauti imepasuka. Wanaacha mita ya kiwango cha sauti igonge desibeli 0, kikomo cha kinasa. Ikifika hapo mawimbi yameshakatwa, na hakuna programu ya kuyarudisha vizuri. Maongezi ya kawaida yacheze kati ya desibeli -18 na -12, kilele kisivuke -6. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo kikae kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu. Na hedifoni zivaliwe kabla ya swali la kwanza: feni ya dari sikio limeshaizoea, kipaza hakijaizoea. Stashahada nzuri inafundisha haya kwa mikono. Shahada nyingi zinayaonyesha kwenye slaidi.

Mkufunzi
Fundi ana hoja, ila tatizo ni hesabu, si ngazi ya cheti. Darasa la watu 120 na kamera 6 ni watu 20 kwa kamera. Kipindi cha saa 2 kinampa kila mmoja dakika 6, na kufunga tripodi kumo humo. Afadhali vikundi vya watu 4, habari moja kila wiki kwa simu zao, irudishwe kusahihishwa mara 2 ndipo itolewe alama. Lakini kazi hiyo inakula muda wa mwalimu, kwa hiyo wengi wanatunga mtihani tu.

Mleta mada
Ya sheria nimeyapokea. Ajira je? Gazeti linalomlipa mwandishi kwa kila habari iliyotoka haliulizi GPA, yaani wastani wa alama za chuo.

Afisa habari
Gazeti haliulizi, serikali inauliza. Soma tangazo lolote la Afisa Habari Daraja la II: sifa ni shahada. Anayelenga halmashauri au wizara asidanganyike na stashahada. Anayelenga chumba cha habari, kabla ya kulipa ada aulize kama redio ya chuo iko hewani na nani anasoma taarifa ya saa 1 asubuhi, wanafunzi au watangazaji wa kuajiriwa.