Daraja la waenda kwa miguu kati ya stendi na soko

Wakuu, mji unapangwa upya na barabara ya njia nne inapita katikati. Daraja lenye njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu linataka nafasi kiasi gani?

— Piga hesabu. Uwazi meta 5.5 juu ya lami, sakafu nusu meta: unapanda meta 6. Kwa mteremko wa 1:12 (kupanda meta 1 kwa kila meta 12 za urefu) ni meta 72, na kila baada ya meta 9 pumziko la meta 1.5. Jumla 82.5, kila upande!

— Ndiyo maana watu huruka uzio. Magari yakienda taratibu, weka kivuko cha tuta (kilichoinuliwa juu ya lami), kimo sentimeta 10, na kisiwa cha kati cha kusimamia wavukaji, upana meta 2.

— Mkiamua daraja, upana meta 3. Meta moja itamezwa na machinga.