Mjadala: The Green Knight (2021) – mtazamaji hakuelewa, au filamu ndiyo iliyoficha deni?

Kibao_Kata:
Wakuu, naileta hii filamu ya David Lowery mezani, na nitaigusa hadi mwisho wake, hivyo ambaye hajaiona aisome mada baadaye. Wanaotoka wameduwaa na kukasirika huambiwa kwamba hawakuelewa. Hoja yangu ni kwamba kuduwaa kwao kuna chanzo unachoweza kukionyesha kwa kidole.

Sikukuu ya Krismasi mgeni wa kijani, ngozi kama gome la mti, anaingia kwa mfalme na kutoa sharti: atakayenipiga pigo moja, baada ya mwaka anifuate nimrudishie lile lile. Gawain, mpwa wa mfalme, anamkata kichwa. Mgeni anakiokota na kuondoka nacho, huku kikicheka.

Shairi la Kiingereza la mwishoni mwa karne ya 14 lililozaa filamu hii lina mistari 2,530, na nguvu yake imekaa kwenye sharti la pili. Gawain akiwa njiani anakaribishwa kwenye ngome. Mwenyeji atawinda siku tatu. Kila jioni ampe mgeni alichowinda, na mgeni amkabidhi alichopata mle ndani. Siku ya kwanza kulungu, busu moja. Ya pili nguruwe mwitu, mabusu mawili. Ya tatu mbweha, mabusu matatu, lakini mgeni anaficha mshipi wa kijani aliopewa na mke wa mwenyeji, maana ameambiwa anayeuvaa hauawi. Mwishoni shoka linashushwa mara tatu: mbili hazimgusi, ya tatu inamchana shingo kidogo. Hapo ndipo yule wa kijani anajitambulisha: mwenyeji ni mimi, mara mbili zile ni za siku ulizokuwa mkweli, na mchubuko ni wa mshipi.

Filamu imezibana siku tatu zikawa makabidhiano ya mara moja, tena ya juujuu, yanayofanyika porini Gawain akiwa anakimbia. Na yule wa kijani hajitambulishi kamwe. Sasa Gawain anapouvua mshipi na kuinamisha shingo, mtazamaji anajua ni tendo zito, ila hajui ni deni gani linalolipwa. Hilo ni kosa la ujenzi wa kisa.

Mtunga_Mizani:
Mleta mada, kwenye siku tatu umenena. Ila umeruka mshipi wa kwanza. Katika shairi mshipi ni mmoja, unatoka kwa mke wa mwenyeji. Katika filamu mama yake Gawain ndiye anayemfunga kiunoni kabla ya safari. Vijana wanyang'anyi wanauchukua porini pamoja na farasi na shoka. Halafu kwenye ngome, mbali kabisa na nyumbani, bibi mwenye nyumba anamtolea mshipi ule ule, au pacha wake. Maana yake mkono wa mama uko ndani ya ngome. Mle ndani kuna bibi kizee aliyefungwa kitambaa machoni, hasemi neno, na mwanzoni mwa filamu tulimwona mama kafungwa hivyo hivyo akiandaa uganga wa kumwita yule wa kijani. Kwa hiyo deni lipo, ila limehamishwa: halidaiwi tena na mwenyeji, linadaiwa na mama anayetaka mwanawe akue.

Kibao_Kata:
Nakubali mshipi wa mama upo, na ni ubunifu mzuri. Lakini mama anayetaka mwanawe akue hampi kinga ya kumfanya asikue. Filamu haituonyeshi kama mama alikosea au alikuwa akimjaribu. Shairi lina jibu la swali kama hilo: nia ya Morgan le Fay, mchawi aliyemtuma yule wa kijani, inatajwa waziwazi, na kinywa kinachoitaja ni cha yule wa kijani mwenyewe.

Salama_wa_Reli:
Lawama kubwa naipeleka kwa waliouza filamu. Trela ilionyesha majitu, upanga, taji na kichwa kinachowaka moto. Anayeiona anatarajia vita. Anachokuta ni dakika 130 za kijana anayetembea kwenye ukungu. CinemaScore, wanaowahoji watazamaji Marekani filamu inapoanza kuonyeshwa, walipata alama ya C+ (kipimo chao ni A hadi F), wakati wahakiki wengi waliisifu sana. Pengo la namna hiyo mara nyingi huanzia kwenye bango, kabla ya filamu yenyewe.

Fundi_Mwanga:
Tuongeze jambo ambalo halihusu kisa. Filamu hii ina giza la mishumaa na ukungu, na wengi wameitazama nyumbani. Picha ya kawaida ya intaneti ni ya biti 8, ngazi 256 tu kwa kila rangi, na ikibanwa ili ipite haraka, sehemu za giza ndizo zinazoumia kwanza: ukungu unageuka mistari kama ngazi, na nyuso zinazama. Zima kile kipengele cha runinga cha kulainisha mwendo, chagua muundo wa sinema badala ya ule mkali wa dukani, zima taa za chumbani, na usipandishe mwangaza hadi weusi ukawa kijivu. Nusu ya mambo anayoyataja Mtunga_Mizani, kama kile kitambaa cha bibi kizee, hayaonekani kwenye skrini ya simu mchana.

Mtunga_Mizani:
Na kuna tukio moja linalojibu hoja ya ujenzi. Wanyang'anyi wamemwacha Gawain chini, kafungwa kamba. Kamera inaanza kuzunguka polepole, miti, miti, duara zima, na inaporudi pale alipolala tunaona mifupa ndani ya nguo zake. Kisha inazunguka kurudi ilikotoka, naye yu hai, anajikokota hadi kwenye upanga na kukata kamba, viganja vikichanika. Filamu imetufundisha hapo kwamba kamera inaweza kuonyesha jambo ambalo lingetokea. Ndiyo maana mwishoni, akiwa amepiga magoti, tunaona maisha yake yote kama angekimbia: anatawazwa, anamwachia sarafu mwanamke aliyemzalia na kumnyang'anya mtoto, mtoto anafia vitani, ngome inazingirwa, anauvuta mshipi mwilini na kichwa kinaanguka. Tunarudi, bado kapiga magoti. Anauvua. Tulipewa ufunguo mapema.

Kibao_Kata:
Ufunguo wa wakati, ndiyo, na hilo tukio la duara ndilo bora kuliko yote mle ndani. Kwa hiyo naondoa neno "kosa" kuhusu mwisho: maono yale yanasomeka. Ninalobaki nalo ni ngome. Pale filamu inataja sharti la kupeana, inamfanya mtazamaji aanze kuhesabu, kisha mwenyeji anafungua gunia, anamwachia mbweha aende zake, na hesabu haitajwi tena. Kama sharti halitadaiwa, lingeondolewa lote, abaki mama na mshipi wake. Lowery alipata muda wa kuihariri upya filamu baada ya uzinduzi wa Mei 2020 kuahirishwa kwa sababu ya korona. Hapo kwenye ngome ndipo mkasi ulipohitajika.

Salama_wa_Reli:
Ukiliondoa sharti, bibi mwenye nyumba anampa mshipi kwa sababu gani?

Kibao_Kata:
Kwa sababu ile ile aliyotoa mama: ili asife. Na tungewaona wanawake wawili wakimpa kitu kimoja, mmoja kwa upendo na mwingine kwa mtego, bila mume kuingia katikati.