Wakuu timu yetu ya mfumo wa buking inavurugana, naombeni ushauri

chalii_wa_sakina:
Habari wakuu. Tuko watano tunatengeneza mfumo wa buking wa kampuni ya utalii hapa Arusha, wengine Sakina, wengine Njiro, dizaina yuko Moshi, na mteja anautaka kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika. Sasa mafaili tunatumiana zipu kwenye grupu la WhatsApp, kuna "fainali", "fainali2" na "fainali ya kweli", juzi jamaa kapandisha ukurasa wa malipo ukafuta kalenda yangu yote, na kiongozi wetu maamuzi anatoa kwa voisi ndefuuu usiku. Ukileta wazo jipya unaambiwa tumalize kwanza. Mnafanyaje huko kwenu?

meku_rau:
Duh chaliangu, bado zipu?? Hamieni Git, programu ya kutunza kila toleo la mafaili. Linus Torvalds aliitengeneza 2005 ili watu wanaotengeneza Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) waliotawanyika dunia nzima waguse mafaili yaleyale bila kufutiana kazi. Kila mtu na tawi lake, yaani nakala yake ya kufanyia kazi, mwenzio anakagua ndo mnaunganisha. GitHub, mtandao wa kuhifadhi miradi ya Git, tangu 2020 hata mradi wa siri timu nzima bure. Umeme ukikata unakomiti (unahifadhi mabadiliko) kwenye laptop, bando ni la kupushi (kuyapandisha GitHub) tu.

dada_wa_mifumo:
Git sawa ila haizuii voisi. Hapo hakuna anayejua nani kashika nini. Fungueni ubao Trello, app ya kupanga kazi, safu tatu: ya kufanya, inafanyika, imeisha, kila kazi jina moja, kisichoandikwa ubaoni hakipo hata kama kimesemwa na kiongozi. Asubuhi mkutane dakika 15 kama watu wa Scrum (utaratibu wa timu kufanya kazi kwa awamu fupi), zikizidi mtageuza kikao cha harusi. Na wazo jipya mdogo wangu usilipigie debe, fungua tawi, jenga kipande kidogo, mpe dada wa rizavesheni kwa mteja abonyeze mwenyewe, maana yeye ndo anajua mgeni akisogeza tarehe ya kupanda mlima vibali, hoteli na gari vyote vinavurugika, nyie mtabuni nini kama hamjamuuliza

mangi_kosta:
Dizaina apande kosta aje, Moshi Arusha kilomita 80 tu jamani 😂

chalii_wa_sakina:
Shukrani dada. Ila pasiwedi za seva zote anazo kiongozi na ni mkubwa kwangu, namwingiaje?

dada_wa_mifumo:
Sio kwenye grupu. Mfuate pembeni, mwambie "kaka, siku simu yako ikiibiwa stendi mteja tutamwambia nini?" Halafu nyamaza.