Wakala kaniuzia bandari ya Rotterdam, bandari yenyewe sijaonyeshwa!

Wakuu, habari za jioni. Naomba nimalizie hasira hapa kabla sijaenda kuzimalizia ofisini kwa mtu.

Mimi nakula kwa kutoa mizigo bandarini Dar. Jina la Rotterdam nimelisoma kwenye hati za mizigo miaka na miaka, nimelizoea kama Kurasini. Kwa hiyo wakala mmoja wa safari hapa mjini alipotangaza ziara ya Uholanzi, "Amsterdam pamoja na Rotterdam, bandari kubwa kuliko zote Ulaya", na picha ya limeli la makontena limeegeshwa chini ya makreni, sikubembelezwa. Nililipa siku hiyohiyo. Kiasi sitaji, mama watoto yumo humu.

Siku ya Rotterdam tukatolewa Amsterdam kwa basi, tukashushwa karibu na daraja la Erasmus, moja kwa moja kwenye boti ya watalii. Saa moja na ushee. Tukapita mbele ya Hotel New York, jengo lililokuwa makao makuu ya kampuni ya meli ya Holland-Amerika. Tukaiona SS Rotterdam, meli ya abiria ya 1959 ambayo siku hizi ni hoteli. Tukachungulia Waalhaven, kona moja ya bandari, kuna matishari na vimeli vya safari fupi. Halafu boti ikageuza! Nikamuuliza kiongozi wetu, "Dada, bandari iko wapi sasa?" Akanijibu huku anajipiga selfi: "Si ndiyo hii, kaka?"

Ndiyo hii? Unamwambia nani?

Kwa wasiojua: bandari ya Rotterdam inaanzia mjini lakini imenyooka zaidi ya kilomita 40 mpaka Bahari ya Kaskazini. Zile meli za mita 400 hazisogei karibu na daraja la Erasmus. Zinaishia Maasvlakte, kwenye ardhi ambayo Waholanzi wameitengeneza wenyewe kwa kumwaga mchanga baharini, na walipoona haitoshi wakaongeza nyingine, Maasvlakte 2, iliyofunguliwa 2013. Kwenye ile Maasvlakte ya kwanza ndiko tangu 1993 makontena yanabebwa na magari yasiyo na dereva. Kwenye magati mapya hata mwendesha kreni hapandi juu, anakaa ofisini mbele ya skrini. Mtu wa kazi yangu anapanda ndege kwenda kuona hicho! Na picha ya tangazo ni ya hukohuko, nimeikuza kwenye simu nikaikagua, makreni yale hayapo popote kati ya tulipopandia boti na ilipogeuzia. Abiria wa pantoni pale Magogoni kwa shilingi 200 tu anapishana na meli ya mzigo mdomoni mwa bandari. Mimi nimevuka bara zima kuonyeshwa tishari.

Muda uliobaki ulienda wapi? Markthal. Ni soko lililojengwa chini ya ghorofa za watu lenye umbo la kiatu cha farasi, dari lote limechorwa matunda, samaki na wadudu, mita za mraba 11,000. Sikatai, linapendeza. Lakini saa mbili nzima kwenye soko la vyakula ambalo kahawa tu inakukata maini? Na hapo ndipo nilipojua kwamba euro taslimu, ambazo wakala mwenyewe alitusisitizia tubebe, sehemu nyingi hawazitaki. Kadi tu. Mzee mmoja wa kundi letu alikuwa na noti mfukoni na kiu kooni. Nyumba za mchemraba za msanifu majengo Piet Blom, zile za 1984 zilizoinamishwa kama dadu linalodondoka, ziko hapohapo jirani, na moja imefunguliwa kwa wageni kwa kiingilio kidogo. Sisi tuliambiwa tupige picha kwa nje, ratiba imebana. Imebanwa na nini?

Kilichonikera zaidi ni ile kauli ya kwenye basi kwamba "Rotterdam haina historia, yote ilipigwa mabomu". Sasa hayo mabomu siyo historia? Wajerumani waliuteketeza moyo wa mji tarehe 14 Mei 1940, watu kama 80,000 wakabaki bila makazi. Kuna sanamu ya mchongaji Zadkine ya 1953, mtu ameinua mikono juu na kifua kina tundu, kwa sababu mji uling'olewa moyo. Barabarani kuna taa zimezikwa chini kuonyesha moto ulipoishia. Kanisa la Laurens liliungua likarudishiwa. Delfshaven, bandari ya zamani ambako wale Wapuriti, Waprotestanti wa Kiingereza waliohamia Marekani, waliondokea 1620, haikuguswa kama katikati ya mji. Vyote hivi vimo ndani ya mji huohuo, na hatukushushwa hata kimoja.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kirundi anayeishi hukohuko, alitusikia tunagomba kwa Kiswahili kwenye foleni ya choo (cha kulipia, ndiyo, na kadi). Akasema, "Kaka, kama mwataka meli, pandeni metro, laini B, mpaka mwisho." Kesho yake kundi liliandikiwa manunuzi Amsterdam, mimi nikarudi Rotterdam kwa treni na nauli yangu. Metro inakufikisha Hoek van Holland, mpaka ufukweni. Ukisimama pale unaziona meli zinaingia kutoka baharini, na ng'ambo unaona makreni ya Maasvlakte yamejipanga. Upande huohuo wa Hoek van Holland pia kuna Maeslantkering, milango miwili ya kuzuia maji ya dhoruba, kila mmoja urefu wa mita 210. Huko sikufika, jua lilizama. Yaani nauli ya metro imenionyesha kuliko kifurushi kizima cha hao jamaa!

Nimerudi Dar nimedai nirudishiwe sehemu ya hela. Jibu la WhatsApp: ratiba iliandika "ziara ya bandari", na boti ilipita bandarini, kwa hiyo huduma imetolewa. Wakaongeza kwamba kwa kunijali watanipa punguzo la safari ya Paris. Paris! Mtu analalamikia bandari unampa mji usio na bahari.

Wametufanya maboya, wakuu. Tangazo lenye ile picha bado lipo, juzi wamelirusha tena, kundi jipya linalipishwa sasa hivi. Mwenye uzoefu wa kupeleka kesi kama hii Tume ya Ushindani (FCC), wanaopokea malalamiko ya walaji, aniambie wanataka vielelezo gani: risiti ninayo, tangazo nimelihifadhi, na mazungumzo yote ya WhatsApp ninayo. Na wenzangu tuliokuwa wote kwenye ile boti, najua mmo humu, jitokezeni. Msije PM kunipa pole.