Kwenda mbele sina shida, lakini rivasi ya semi inanitoa jasho

Taniboi_wa_Jana (Tororo)

Wakubwa wa barabara, salamu. Nimekaa utaniboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, miaka minne, njia ya Malaba hadi Kampala naijua hata nikiwa nasinzia, na mwezi uliopita tajiri akanikabidhi usukani wa semi, lori la kichwa mbele na tela nyuma. Kwenda mbele sina wasiwasi. Msitu wa Mabira naupita usiku, daraja jipya la Jinja napita, foleni ya Kampala naivumilia. Balaa ni kurudi nyuma.

Jumanne nilipeleka kontena la futi 40 kwenye godauni moja kule Namanve. Geti lilikuwa kushoto kwangu, barabara nyembamba, ng'ambo ya pili mtaro. Nikakata usukani kulia, mkia ukaenda kushoto. Hiyo naijua. Lakini ukishaanza kwenda hausimami! Nikirudisha usukani nimechelewa, kichwa na tela vimeshakunjana kama mguu wa panzi. Nasogea mbele, naanza upya, yaleyale. Dakika arobaini. Wapakuzi wameketi wananitazama kama sinema, mmoja akauliza kwa sauti kama gari nimelileta mimi au ndilo limenileta. Boda zinapiga honi, nyingine zinapenya nyuma yangu. Mwisho nikaparuza nguzo ya geti na taa ya nyuma ikaenda. Tajiri anakata kwenye mshahara, wala sibishi.

Usiku nikaangalia video za Wamarekani mpaka bando likaisha, nikaamka nimechanganyikiwa kuliko nilivyolala. Nisaidieni: mkono ukae wapi, macho yawe wapi, na mtu anajuaje kwamba SASA ndiyo saa ya kurudisha usukani?

Kichwa_Ngumu

Pole ndugu. Mimi mara ya kwanza niliangusha kibanda cha muuza rolex, zile chapati za mayai. Mayai yote nililipa. Endelea, utazoea.

Mzee_wa_Katuna

Kijana, "utazoea" si jibu. Hata ubaya mtu huuzoea.

Nianze na video. Mmarekani anakaa kushoto kwenye gari, kwa hiyo upande wake mzuri wa kurudishia ni kushoto, anatoa kichwa dirishani anauona mkia wote. Wewe unakaa kulia. Kila anachokuambia kuhusu upande, kigeuze. Upande wako mzuri ni kulia. Kushoto ni upande wa kipofu: tela likikunja kule, kioo cha kushoto kinakuonyesha ubavu wa kontena na mbingu, na cha kulia kinakuonyesha barabara isiyokuhusu. Halafu wewe, mwezi wa kwanza, ukachagua kuingiza kushoto, na mtaro uko ng'ambo! Hata mimi, na nywele hizi, nikikuta geti liko kushoto napitiliza, natafuta pa kugeuzia, narudi ili geti liwe kulia kwangu. Ni dakika kumi za dizeli. Taa yako ya nyuma iligharimu ngapi?

Sasa mkono. Shika usukani chini kabisa, pale karibu na tumbo. Unataka mkia uende kushoto, peleka mkono kushoto. Unataka kulia, peleka kulia. Huna haja ya kuwaza "kinyume, kinyume" kichwani, maana ukibabaika ndipo kinyume kinapokupotea.

Lile swali lako la "sasa ni lini" ndilo lenyewe. Tela refu ni kama mzee aliyeketi: ukimwita haitiki papo hapo, lakini akishainuka, ameinuka. Wewe unakata usukani, huoni kitu, unaongeza, bado huoni kitu, unaongeza tena. Kumbe lilishasikia la kwanza. Likija, linakuja na yote matatu. Kata kidogo, ngoja. Ukiona tu mkia umeanza kuelekea unakotaka, usisubiri ufike. Anza kurudisha usukani hapohapo, unyooshe, kisha uvuke upande wa pili ili kichwa kilifuate tela. Kama mkia unaingia kulia, ulianza kwa kukata kushoto, sasa unamalizia kwa kukata kulia. Wewe uliliacha likunje mpaka mwisho ndipo ukaanza kulitafuta. Tela likishapita pembe fulani, hakuna usukani utakaolinyoosha kwa rivasi. Dawa ni kwenda mbele tu.

Na kwenda mbele si aibu. Nenda mbele mita kumi, mita ishirini, linyooke, urudi.

Mguu utoe kwenye mafuta kabisa. Gia ya rivasi ya chini, injini yenyewe ilivute. Ukikanyaga mafuta unanunua kosa kwa haraka.

Mama_Gia_Kumi

Mzee amesema vizuri, naongeza na kumpinga kidogo. Mimi naendesha Kampala hadi Elegu, na nikishavuka mpaka wa Nimule naingia Sudan Kusini ambako wanatembea kulia. Kule mageti na vituo vyao vimepangwa kwa upande wao, siku nyingine upande wa kipofu hauepukiki. Kwa hiyo usiuogope milele. Jifunze, ila uwe wa mwisho. Kwanza rudi moja kwa moja tu, mstari ulionyooka, mita hamsini. Watu wanadharau hilo, na ndilo gumu. Siri yake ni vioo: tela likianza kujaa kwenye kioo cha kushoto, kata usukani kushoto, kuelekea kioo hicho hicho. Likijaa kulia, kata kulia. Kidogo! Vidole viwili vya usukani, si kiwiko kizima.

Ninapompinga Mzee ni kichwa dirishani. Ukining'inia dirishani unaona upande mmoja vizuri na mwingine unaufuta kabisa. Mimi kioo, kioo, halafu nashuka. Vuta breki ya mkono, shuka, zunguka nyuma, angalia hata juu. Nyaya za umeme na mabati ya godauni hayaonekani kwenye kioo. Na milango ya kontena ifungue kabla hujaegemea jukwaa la kupakulia, nimeona mtu kaegesha kwa ufundi mkubwa halafu milango haina pa kufungukia.

Mazoezi: tafuta yadi tupu Jumapili, panga jerikeni za lita ishirini badala ya nguzo. Ukigonga, jerikeni haikati mshahara.

Mzee_wa_Katuna

Mama, sikatai. Mimi shingo ndiyo imezoea dirisha.

Roho_Juu

Mnalalamika na semi? Njooni mrudishe puling, lori lenye tela la kukokota nyuma.

Mzee_wa_Katuna

Usimchanganye mtoto. Puling ina maungio mawili, inapindua yote anayojifunza leo. Siku yake itafika.

Msaidizi_Mkuu

Mimi bado taniboi, naomba kusema. Ajali nyingine za rivasi zinatokana na sisi. Dereva anaambiwa na watu wanne: mlinzi anasema njoo, mpakuzi anasema simama, boda anasema kata kulia, na mimi napiga bodi. Kubalianeni kabla hamjaanza, mtu ni mmoja, ishara ni za mkono, na akipotea kwenye kioo unasimama. Sio unapunguza. Unasimama. Mara moja nilijikwaa kwenye kifusi nyuma ya tela, nikaanguka, na dereva wangu alisimama kwa sababu tu hakuniona. Hatukuwa na makubaliano mengine zaidi ya hilo.

Na wewe ulikuwa mwenzetu juzi tu. Ulikuwa unasimama wapi ulipokuwa ukimwongoza dereva wako?

Taniboi_wa_Jana (Tororo)

Nyuma katikati, mahali ambapo hakuna kioo kinachonifikia. Miaka minne! Mungu alikuwa mwema.

Asanteni nyote. Jumapili nilipata yadi, jerikeni sita, na mdogo wangu wa miaka tisa aliyekuja na gari lake la makopo lenye tela la boksi la maziwa na magurudumu ya vizibo vya soda. Alilisukuma kinyumenyume mchangani akaniuliza kwa nini hili langu linanishinda. Nilimnyang'anya nikacheza nalo nusu saa, na kusema kweli hapo ndipo nilipoona kile Mzee anaita "kufuata tela". Ukichelewa kulifuata, boksi linalala ubavu.

Jana nimerudi godauni lile lile. Nikapitiliza, nikageuzia mbele, geti likawa kulia. Mkono chini, mguu nje ya mafuta. Nilikwenda mbele mara mbili na kushuka mara tatu. Mara ya tatu mlinzi akanifuata na tochi, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi, akauliza nimeangusha nini tusaidiane kutafuta.

Nikamwambia natafuta mkia. Akanionyesha nguzo, bado ina rangi yetu.